Faili la requirements halijaguswa, lakini programu imekataa kuwaka kwenye kompyuta mpya

MizaniMwaloni (Mwanza) ameuliza:

Habari za wakati huu, wakuu. Natunza programu ndogo inayotumiwa na kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa na sangara hapa Kirumba Mwaloni. Programu hiyo inapokea uzito moja kwa moja kutoka kwenye mizani ya kielektroniki, inaujumlisha kwa siku na kwa mwezi, kisha inatoa faili la Excel ambalo wenye mzigo hulitumia kugawana gharama za usafiri. Imeandikwa kwa Python, na inatumia pandas kwa hesabu, pyserial kwa kusoma mizani na openpyxl kwa kuandika faili la Excel. Kwenye kompyuta mpakato yangu yenye Ubuntu 22.04 na Python 3.10 imekuwa ikifanya kazi tangu Agosti 2023 bila kunisumbua.

Hivi karibuni kikundi kimenunua kompyuta ya mezani yenye Ubuntu 24.04, nami nimetakiwa kuihamishia programu humo kabla mbalamwezi haijapita, kwa sababu giza likirejea wavuvi wa dagaa wanarudi ziwani, mzigo unamiminika, na hapo hakuna atakayekubali mizani isimame ili mimi nifanye majaribio. Faili langu la requirements.txt lina mistari mitatu tu:

    pandas==2.0.3
    pyserial==3.5
    openpyxl==3.1.2

Nilipoendesha pip (zana ya kusakinisha maktaba za Python) moja kwa moja, ilikataa kwa ujumbe wa "externally-managed-environment". Ukurasa mmoja ulishauri niongeze --break-system-packages, lakini jina lenyewe la chaguo hilo lilinitosha kusita. Nikatengeneza mazingira tengefu (folda lenye maktaba zake lenyewe) kwa python3 -m venv, na ujumbe ule ukaondoka. Safari hii pip ilishusha pandas ikiwa faili la tar.gz, ikaanza kuijenga, ikakaa muda mrefu, kisha ikamwaga makosa skrini nzima na kuacha. Bando lililokwenda na zoezi hilo halikuwa dogo.

Kwa kuwa kompyuta mpakato inatumia Python 3.10, niliamua kusakinisha toleo hilo kando kwenye kompyuta mpya kutoka hazina ya deadsnakes, nikatengeneza mazingira mengine, na usakinishaji ukakamilika bila lalamiko hata moja. Nikadhani yamekwisha. Lakini mstari wa kwanza kabisa wa programu, ule wa import pandas, unatoa hivi:

    ValueError: numpy.dtype size changed, may indicate binary incompatibility.
    Expected 96 from C header, got 88 from PyObject

Nimelinganisha requirements.txt na kumbukumbu zote za Git (zana inayotunza historia ya msimbo), na halijabadilika hata herufi moja. Numpy, maktaba ya hesabu ambayo pandas huitegemea, sikuiandika popote. Toleo la Python ni lilelile na toleo la pandas ni lilelile. Ninachoomba kuelewa, mbali na namna ya kuiwasha programu, ni jinsi faili lisilobadilika linavyoweza kutoa matokeo mawili tofauti kwenye kompyuta mbili.

---

Nyegezi_Kodi amejibu:

Mkuu, ndani ya mazingira uliyotengeneza kwa Python 3.10, endesha amri hii:

    python -m pip install "numpy<2"

Itawaka. Tatizo ni numpy 2, ambayo pandas 2.0.3 haikujengwa kwa ajili yake.

---

FundiIgoma amejibu:

Aliyetangulia amesema kweli na dawa yake itafanya kazi. Hata hivyo, muulizaji ameuliza sababu, na sababu inastahili maelezo, kwani asipoielewa atakutana na jambo hilihili tena kwa jina la maktaba nyingine.

Ndugu MizaniMwaloni, ulichokumbana nacho ni makosa matatu yasiyohusiana, yaliyotokea kwa kufuatana tu.

Lile la kwanza ni ulinzi wa mfumo. Ubuntu na Debian za miaka ya karibuni huitia alama Python ya mfumo ili pip isiichezee, kwa sababu zana kadhaa za mfumo wenyewe zimeandikwa kwa Python, ufw ikiwa mojawapo. Ukibadilisha maktaba zinazotegemewa na zana hizo, unaweza kugundua siku nyingine kabisa kwamba kitu usichokihusisha na programu yako kimeacha kufanya kazi. Ulifanya vyema kusita, na mazingira tengefu ndiyo njia sahihi.

La pili linahitaji ujue namna pip inavyochagua faili la kushusha. Maktaba kama pandas ina sehemu kubwa iliyoandikwa kwa lugha ya chini na ni lazima ijengwe kwa kompaila. Watunzaji wake huijenga wao wenyewe na kupandisha mafaili ya .whl, kila moja kwa toleo fulani la Python, mfumo fulani na aina fulani ya prosesa. Yote hayo yameandikwa kwenye jina la faili. Tazama hili:

    pandas-2.0.3-cp310-cp310-manylinux_2_17_x86_64.manylinux2014_x86_64.whl

Sehemu ya cp310 ina maana ya CPython 3.10, manylinux_2_17 ina maana ya Linux yenye glibc (maktaba ya msingi ya mfumo) 2.17 au mpya zaidi, na x86_64 ni prosesa za kawaida za Intel na AMD. Ubuntu 24.04 huja na Python 3.12, kwa hiyo pip ilitafuta faili lenye cp312. Pandas 2.0.3 ilitoka Juni 2023, na Python 3.12 ilitoka Oktoba mwaka huohuo, hivyo faili hilo halikuwahi kutengenezwa. Pip haikukwambia kwamba imelikosa. Ilichukua msimbo chanzo na kujaribu kuijenga maktaba hapohapo kwako. Binafsi naona tabia hiyo ina madhara kuliko faida kwa mtu anayelipia intaneti kwa megabaiti, na ndiyo maana huwa naizuia kwa kuongeza --only-binary=:all: kwenye kila amri ya usakinishaji. Kukiwa hakuna .whl inayofaa, pip inakataa papo hapo kabla haijala bando lako.

Sasa la tatu, ambalo ndilo swali lako hasa. Requirements.txt yako inataja maktaba tatu, lakini tatu hizo haziji peke yake. Pandas inaita numpy, python-dateutil, pytz na tzdata. Python-dateutil nayo inaita six. Openpyxl inaita et-xmlfile. Hakuna hata moja kati ya hizo uliyoitajia toleo. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani akalete unga bila kumwambia unga gani: ataleta uliopo siku hiyo. Pip, ikiachiwa nafasi, huchukua toleo jipya kuliko yote linaloruhusiwa. Agosti 2023 toleo jipya la numpy lilikuwa 1.25.2. Juni 2024 numpy 2.0 ikatoka, na tangu hapo kila anayesakinisha faili lako kwa Python 3.10 anapata toleo la familia ya 2.

Pengine utauliza kwa nini pip haikuona mgongano. Ni kwa sababu kwa mujibu wa maandishi mgongano haukuwepo. Pandas 2.0.3 ilitangaza kiwango cha chini tu cha numpy inayoihitaji, bila dari, kwani wakati inatoka hakukuwa na numpy 2 ya kuikwepa. Maelezo hayo yamo ndani ya faili lililokwisha kuchapishwa, na PyPI, hazina ambako pip hushusha maktaba, hairuhusu faili lililochapishwa kubadilishwa. Kwa sababu hiyohiyo hata amri ya pip check itakwambia kwamba kila kitu kiko sawa, maana nayo inasoma maandishi hayohayo.

Namba 96 na 88 ulizoziona ni baiti. Pandas ilijengwa ikijua kwamba muundo mmoja wa ndani wa numpy, ule unaoeleza aina ya data, una ukubwa wa baiti 96. Katika numpy 2 muundo huo umepangwa upya na kuwa na baiti 88. Pandas ilipopima na kukuta tofauti ikasimama, na ni heri ilisimama, kwa sababu kama ingeendelea ingesoma kumbukumbu mahali pasipohusika, na wewe ungekuwa unagawa gharama za watu kwa namba zisizo na msingi.

Kwa hiyo kabla hujaandika numpy<2 na kusonga mbele, rudi kwenye kompyuta mpakato ambako programu bado inafanya kazi, ingia kwenye mazingira yake, na uendeshe hii:

    python -m pip freeze > vizuizi.txt

Faili hilo ndilo kumbukumbu ya kweli ya kilichokuwa kikifanya kazi. Liingize kwenye Git pamoja na requirements.txt, kisha kwenye kompyuta mpya utumie yote mawili:

    python -m pip install --only-binary=:all: -r requirements.txt -c vizuizi.txt

Chaguo la -c halisakinishi kitu. Linasema tu kwamba maktaba fulani ikihitajika, basi iwe toleo hili. Ndiyo maana napendelea kuyaweka mafaili mawili. La kwanza linaonyesha wewe ulitaka nini, nalo linasomeka na binadamu. La pili linaonyesha ulichopata, na huna sababu ya kulihariri kwa mkono.

---

MizaniMwaloni amejibu:

Nashukuru sana. Nimefanya kama ulivyoelekeza, na tofauti imeonekana wazi. Kompyuta mpakato imetoa hivi:

    et-xmlfile==1.1.0
    numpy==1.25.2
    openpyxl==3.1.2
    pandas==2.0.3
    pyserial==3.5
    python-dateutil==2.8.2
    pytz==2023.3
    six==1.16.0
    tzdata==2023.3

Kompyuta mpya ilikuwa na numpy 2.2.6. Baada ya kutumia faili la vizuizi, pandas imefunguka na ripoti ya mwezi uliopita imetoka ikiwa na jumla zilezile.

Nina jambo la pili linalofanana na hili. Kikundi kina wenzao Nansio, Ukerewe, ambao wanataka mizani yao nayo iunganishwe. Wao wana Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo inayotumia kadi ya kumbukumbu), na mtandao wa pale walipo si wa kutegemea kwa kushusha mafaili. Nimefikiria kulinakili folda zima la mazingira tengefu kwenye flashi na kulituma kwa meli. Je, njia hiyo inafaa?

---

Seva_na_Samaki (Musoma) amejibu:

Kaka, folda la mazingira tengefu usilinakili. Kwanza, ndani yake mna skripti zilizoandikwa njia kamili ya mahali lilipotengenezwa, hivyo likihamishwa baadhi ya amri zinatafuta Python isiyokuwepo. Pili, na hili ni zito zaidi, kompyuta yako ni x86_64 ilhali Raspberry Pi inatumia prosesa ya ARM, kwa hiyo sehemu zote zilizojengwa ndani ya numpy na pandas hazitasomeka kule.

Kinachosafiri vizuri ni mafaili ya .whl yenyewe, na pip inaweza kushusha ya kompyuta nyingine ukiwa hapohapo Mwanza. Kama Pi yao ina Raspberry Pi OS iliyojengwa juu ya Debian 12, Python yake ni 3.11. Amri itakuwa hii:

    python -m pip download -r requirements.txt -c vizuizi.txt -d mafaili \
      --only-binary=:all: --platform manylinux2014_aarch64 --python-version 3.11

Chaguo la --only-binary hapa ni la lazima. Pip itakataa kushusha kwa ajili ya mfumo mwingine bila hilo, kwa kuwa haiwezi kujenga msimbo wa mashine isiyo mbele yake. Ukifungua folda utaona pandas na numpy zina maneno aarch64 (yaani ARM ya biti 64) na cp311 kwenye majina, wakati pyserial inaishia na py2.py3-none-any, maana yake haina sehemu iliyojengwa na inakwenda popote. Numpy na pandas pamoja ni kama megabaiti 30, na zilizobaki ni ndogo.

Kule Nansio mtu atachomeka flashi, atanakili folda hilo pamoja na mafaili yako mawili, kisha ataendesha:

    python3 -m venv mazingira
    mazingira/bin/python -m pip install --no-index --find-links mafaili \
      -r requirements.txt -c vizuizi.txt

Chaguo la --no-index linaiambia pip isiguse intaneti kabisa. Kama kuna faili lililosahaulika itasema hapohapo, kwa hiyo fanya jaribio hilo kwanza kwenye Pi yoyote unayoweza kuiazima Mwanza. Kugundua upungufu wakati flashi iko Ukerewe ni kupoteza safari nzima.

---

ZiwaniBukoba amejibu:

Nimesoma mjadala wote, na sina budi kutofautiana kidogo na ndugu FundiIgoma. Kugandisha matoleo ya 2023 kunaiwasha programu leo, lakini Python 3.10 inafikia mwisho wa marekebisho ya usalama Oktoba 2026. Muulizaji ameongeza hazina ya nje kwenye mfumo wake ili tu kupata Python ya zamani, wakati Ubuntu yenyewe imempa 3.12. Pandas 2.2.2, iliyotoka Aprili 2024, inafanya kazi na Python 3.12 na pia na numpy 2. Kwa nini asipande moja kwa moja, akaepuka kubeba mzigo wa zamani kwenye mashine mpya?

---

FundiIgoma amejibu:

Ndugu ZiwaniBukoba, kuhusu mwisho wa safari hatutofautiani. Ninachogombea ni mpangilio. Muulizaji alikuwa anabadilisha mashine, mfumo, Python na numpy kwa wakati mmoja. Jumla ya kilo ingetofautiana baada ya hapo, asingejua amlaumu nani kati ya hao wanne. Sasa ana kompyuta mpya inayotoa namba zilezile za ile ya zamani, na hicho ndicho kipimo cha kupimia kila mabadiliko yajayo.

Apande, ila apande kwa kutengeneza mazingira ya pili kando ya lile linalofanya kazi, kwa Python 3.12 ya mfumo na pandas 2.2.2. Aendeshe ripoti za miezi kadhaa kwa mazingira yote mawili, alinganishe, na akiridhika achukue pip freeze ya mazingira mapya iwe vizuizi.txt mpya. Lile la zamani asilifute mpaka mpya lipite msimu mzima wa giza, mzigo ukiwa mkubwa na watu wakiwa hawana subira.

---

MizaniMwaloni amejibu:

Nimejaribu njia hiyo. Python 3.12 na pandas 2.2.2 zimesakinishwa bila kujenga chochote, na jumla za miezi niliyolinganisha zimekubaliana. Kuna onyo moja tu lililojitokeza: pale ninapokusanya data kwa mwezi nimeandika resample("M"), na pandas inasema herufi hiyo inaachwa, nitumie "ME". Nimebadilisha, na onyo limeondoka.

Pamoja na hilo, usakinishaji wa Nansio umegoma. Nimetuma flashi kama dada wa Musoma alivyoelekeza, lakini pip kule inasema haioni toleo lolote la pandas linalokidhi, ilhali faili lenyewe limo kwenye folda na jina lake ni sahihi. Nimemwomba kijana aliye kule aendeshe uname -m, na jibu ni aarch64. Nimechanganyikiwa.

---

Seva_na_Samaki (Musoma) amejibu:

Kaka, uname inaeleza kiini cha mfumo peke yake. Kwenye Raspberry Pi 4, mfumo wa biti 32 unaweza kuwashwa na kiini cha biti 64, kwa hiyo uname inajibu aarch64 wakati Python na programu nyingine zote ni za biti 32. Mwambie aendeshe hizi mbili:

    dpkg --print-architecture
    getconf LONG_BIT

Jibu likiwa armhf na 32, pip ina haki ya kukataa mafaili ya aarch64, maana Python iliyopo haiwezi kuyasoma. Kwenye PyPI hutapata .whl za pandas kwa biti 32 za ARM. Zipo kwenye hazina ya piwheels, ambayo Raspberry Pi OS ya biti 32 huwa imeelekezwa kwayo tangu mwanzo, lakini hiyo inataka mtandao, na numpy ya huko huhitaji pia maktaba nyingine zinazosakinishwa kwa apt. Kwa mazingira mliyonayo, ningeandika upya kadi ya kumbukumbu hapohapo Mwanza kwa Raspberry Pi OS ya biti 64, yenye Debian 12 ileile, nisakinishe kila kitu, niijaribu na mizani, kisha niitume kadi yenyewe badala ya flashi.

Kuhusu "ME", kuwa mwangalifu. Herufi hizo zilianza na pandas 2.2. Ukipeleka msimbo wako mpya Nansio pamoja na vizuizi vya zamani vyenye pandas 2.0.3, ripoti ya mwezi itaanguka kule kwa kosa la mzunguko usiotambulika, wakati kwako inafanya kazi. Ama mashine zote mbili zipande pamoja, ama "M" ibaki kwanza mahali pote.

---

MizaniMwaloni amejibu:

Majibu yamekuwa armhf na 32, kama ulivyosema. Kadi mpya nimeiandika kwa mfumo wa biti 64 na kuijaribu kwa Pi ya kuazima. Nimeamua zote zipande pamoja, hivyo vizuizi.txt ni kimoja kwa Mwaloni na Nansio, chenye pandas 2.2.2 na numpy 1.26.4.

Nimeichagua numpy 1.26.4 badala ya familia ya 2 kwa sababu inakubali Python 3.11 na 3.12 zote mbili, na sikuona haja ya kubadilisha vitu viwili vikubwa kwa mkupuo mmoja. Kama kuna anayeona kasoro katika uamuzi huo, naomba aniambie kabla kadi haijapanda meli.

---

FundiIgoma amejibu:

Kasoro siioni. Ongeza jambo moja tu dogo. Python za mashine hizo mbili ni tofauti, kwa hiyo ukitaka kubadilisha vizuizi.txt siku za usoni, usiridhike na pip freeze ya kompyuta ya mezani peke yake. Endesha tena ile amri ya pip download kwa aarch64 na 3.11 dhidi ya faili jipya kabla hujaliingiza kwenye Git. Matoleo mapya ya maktaba huwa yanaacha Python za zamani, na huenda toleo lililokubalika kwenye 3.12 halina tena faili la 3.11.

---

Seva_na_Samaki (Musoma) amejibu:

Nami naongeza kwa watakaokuja kusoma wakiwa na safari za flashi kama hii: faili la .whl ni zip, kwa hiyo baada ya kunakili unaweza kulipima papo hapo kwa

    python3 -m zipfile -t jina_la_faili.whl

Flashi iliyochomolewa kabla ya kunakili kukamilika huacha faili lenye jina sahihi na mwili uliokatika, na ujumbe ambao pip hutoa hapo haumwelekezi mtu haraka kwenye sababu hiyo.